Kura Mbili za Dada

Mwaka 2015 nilikuwa kidato cha pili, Ilongero, na nilijipa kazi moja kubwa: kumpigia kura Diamond Platnumz.

Tuzo zilikuwa za MTV za Ulaya, zikitolewa Milan, Italia. Zilikuwa na kipengele kimoja kilichounganisha Afrika na India. Diamond ndiye aliyeshinda upande wa Afrika, na upande wa India alishinda Priyanka Chopra. Kura zilipigwa mtandaoni, mradi una bando.

Bando lilikuwa la dada. Dada alikuwa na simu kwa sababu alikuwa na kipato, na alikuwa na kipato kwa sababu aliacha shule. Mwaka 2013 alizeti haikutupa kitu. Nyumbani wakapiga hesabu: ada ya kutwa shilingi 20,000 kwa mwaka, michango, sare, madaftari, mara watoto wawili. Yeye akaishia kidato cha pili ili mimi nianze cha kwanza. Hakuna aliyelitamka hivyo. Akaanza kusuka nywele na kuuza kuku wa kienyeji.

Shida ni kwamba dada alikuwa mtu wa Priyanka. Filamu za Kihindi alizitazama kwenye kibanda cha video, mtu akizitafsiri kwa Kiswahili juu kwa juu, na alilia bila kuona haya. Nilimwambia huu si wakati wa mapenzi, ni wakati wa uzalendo. Akacheka, akanipa simu. Nikapanda juu ya jiwe nyuma ya nyumba, mahali mtandao uliposhika, nikabonyeza. Bando la wiki likaisha kwa siku mbili. Wateja waliozoea kumtumia picha za misuko hawakumpata.

Tuzo zilitolewa Jumapili, Oktoba 25, siku ileile ya uchaguzi mkuu wetu. Dada alikuwa na miaka 18 na kadi ya mpiga kura. Alipanga foleni tangu alfajiri, akarudi mchana na wino kidoleni. Mimi umri haukuniruhusu; kura zangu zote zilikuwa zimekwenda Milan.

Diamond akashinda. Kesho yake shuleni tulishangilia kana kwamba kikombe kimeletwa Ilongero. Matokeo ya urais yalitangazwa tarehe 29, na Januari 2016 ada ikafutwa hadi kidato cha nne. Mimi nikaingia kidato cha tatu bila kudaiwa ada. Habari hiyo ilimkuta dada anasuka. Aliuliza kama ni kweli, kisha akaendelea na mstari aliokuwa ameushika.

Leo nasoma shahada ya uzamili. Naandika kurasa nyingi kuhusu sauti za wananchi, na kila ninapoandika namkumbuka yeye kwenye ile foleni, akichagua jambo ambalo lingenifaa mimi kabla yake.

Likizo iliyopita nilimwomba radhi kwa bando lile. Akasema sikulimaliza lote.

“Ulipolala nilikuta limebaki kidogo. Nikapiga na mimi.”

“Ulimpigia nani?”

“Kura ni siri, mdogo wangu.” Kisha akanikumbusha kwamba deni la bando bado liko palepale.