Pwani yetu iko Nzilo



Wengi mlituuliza siku ya Mungu iliyopita: siku ya posho tulienda wapi, hata tukarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi? Tulienda kuona maji. Tulikuwa wamama kumi na wanne na watoto sita katika basi ndogo ya kukodisha, tukazunguka njia za ziwa Nzilo tangu asubuhi mpaka magharibi. Hapa tunaandika yale tuliyoona. Tunaandika pia ugomvi mdogo tuliokuwa nao, maana haujaisha, na tunataka shauri lenu.

Neno la safari lilianzia kalasini. Mwisho wa mwaka wa masomo, watoto wa mwaka wa tano walipewa kazi ya kuchora mahali ambapo inchi inakutana na maji. Karibu wote walichora bahari: meli, minazi, jua linazama. Hakuna hata mmoja aliyechora Lualaba. Tulipowauliza Lualaba ni nini, mmoja akajibu: "Ni jina la jimbo." Alisema kweli, tangu 2015 ni jina la jimbo letu. Lakini mto wenyewe, ambao hauko mbali na Dilala, hakuwa ameuona hata siku moja. Tulicheka. Kisha tukaulizana sisi wenyewe, na tukakuta kwamba nusu yetu tunaujua tu kwa dirisha la basi la Likasi, tena tukiwa tumesinzia.

Tukakata shauri kwenda. Hapo ugomvi ukaanza. Feza ya basi na mafuta ilitoka katika sanduku la likelemba. Mama anayetushikia daftari alisema wazi: "Likelemba ni ya magonjwa, masomo na kilio. Si ya kutembea-tembea." Tulipiga kura kwa kuinua mikono, na yeye akashindwa. Hata hivyo alipanda basi pamoja nasi, daftari lake mkononi.

Tuliondoka asubuhi mapema, wakati baridi ya mwezi wa nane bado ingali kwenye vidole. Kwanza tulishika barabara ya Likasi. Njia hiyo mnaijua: makamio yanafuatana na mizigo yake ya shaba na kobalti, vilima vya udongo uliotupwa kutoka karieri, vumbi jekundu juu ya majani. Dereva tulikuwa tumemwagiza asipite kamio lolote kwenye kona au kwenye vumbi, hata tukichelewa. Tulichelewa, na tulifika wote.

Kwenye daraja la Lualaba tuliomba asimame mahali salama, mbali na barabara. Tukawaambia watoto watazame upande maji yanakoenda, tukafungua ramani juu ya kikwembe. Maji haya yanateremka mpaka Bukama, yanapita Kongolo na Kindu, na kule Kisangani mto unabadilisha jina, unaitwa Kongo. Unafika Kinshasa, unapita Boma, na kule Banana unaingia katika bahari, kisha safari ndefu sana. Inchi yetu ni kubwa sana, lakini pwani yake ya bahari ni kilomita 40 hivi tu. Mtoto mmoja akauliza: "Basi bahari inaanzia hapa?" Hatukumsahihisha. Livingstone mwenyewe, alipofika kwenye mto huu huko Nyangwe mwaka 1871, alifikiri ni Nili. Ni Stanley aliyeufuata kutoka Nyangwe mwaka 1876, akafika Boma mwezi wa nane mwaka 1877, na hapo ndipo watu wa Ulaya walijua unakwenda wapi.

Watu wa hapa waliutumia mto huu zamani sana kabla yao. Huko chini, kando ya ziwa Kisale, mahali panapoitwa Sanga, wataalamu walichimba makaburi mwaka 1957. Walikuta wafu wamelazwa pamoja na vyungu vizuri, na vitu vya shaba, hata misalaba midogo ya shaba. Kule Kisale hakuna mawe ya shaba. Shaba ilitoka huku kusini, kwenye vilima kama hivi vyetu. Kwa hiyo, mamia ya miaka mbele ya karieri za leo, kazi ya mikono ya watu wa upande huu ilikuwa imekwisha kusafiri, na watu waliiheshimu hata kuizika pamoja na wapendwa wao. Mama wa daftari alikuwa wa kwanza kuuliza: "Na hayo wanafundisha masomoni?" Sisi walimu tulinyamaza kidogo. Tangu sasa tutayafundisha.

Tulirudi Kolwezi, tukashika njia ya kaskazini kwenda Nzilo. Huko inchi inabadilika. Miti ya pori inarudi, barabara inapanda na kushuka, mawe yanatoka kando kando kama meno. Halafu, bila kutazamia, maji: bluu, mapana, yenye mikono mingi inayoingia katikati ya vilima, na mitumbwi midogo mbali. Basi lote lilinyamaza. Wale wenye kuona pwani za inchi nyingine kwenye televisheni wanalipa tiketi ya ndege kwa jambo kama hili.

Ziwa hili halikuumbwa pamoja na vilima. Hapa Lualaba ilikuwa inaingia katika mabonde membamba ya milima ya Mitumba na kuanguka kwa nguvu kati ya mawe. Alexandre Delcommune, Mbelgiji, alifika upande huu katika msafara wake wa 1891 na 1892. Watu wake walichonga mitumbwi ili washuke na mto. Mawe ya Nzilo yakawakataza njia, mitumbwi ikaachwa, na njaa ikaua wapagazi wengi. Kisha Union Minière ikaja kuufunga mto kwa ukuta, ili upate kutoa umeme wa migodi. Kituo cha umeme kilianza kazi katika miaka ya 1950, na wakakipa jina la Delcommune, yule ambaye mto ulimshinda. Leo tunasema Nzilo, jina la mahali. Majina ya wapagazi hayakuandikwa popote, na watoto walituuliza sababu. Hilo nalo ni somo.

Ukuta tuliutazama kwa mbali, maana kuukaribia kunataka ruhusa iliyoombwa mbele. Lakini waya za umeme hazifichwi. Zinapita juu ya vichwa, zinakwenda kwenye mitambo ya shaba. Na chini yake, kando ya njia, tulihesabu magunia ya makala yanayongoja mununuzi, mpaka tukachoka kuhesabu. Mtoto akauliza: "Mama, kama umeme unatoka hapa, mbona hapa wanapika na makala?" Kila mama alitazama mwenzake. Hata sisi wa Dilala tunapika na makala siku nyingi. Ulizo hilo tumelileta kwenu kama lilivyo, na tunaomba liulizwe pia mahali ambapo linaweza kujibiwa.

Kwenye ukingo tulikuta wamama wanauza samaki waliotoka majini asubuhi ile. Tulinunua, wakatukopesha chungu na moto, tukala bukari na samaki na majani ya mihogo chini ya mti. Mama mzee mmoja alituonyesha maji kwa kidole: "Pale mama yangu alilima mihogo." Hakuongeza neno. Alirudi kupanga samaki wake.

Watoto walitaka kuoga. Tulikataa, nao walilia. Tunawaambia na ninyi: maji yaliyotulia, yenye majani kando, yanaweza kuwa na kichocho, ule ugonjwa unaoingia kwa ngozi na kuleta damu katika mkojo. Tena wavuvi ndio wanaojua mahali penye mamba. Uliza wao mbele ya kusogea. Bebeni maji ya kunywa ya kutosha, bidoni moja kwa nyumba mbili, na nguo za baridi za kurudia. Msafiri kwa kiangazi, na mpatane na dereva kwamba saa kumi jioni basi linageuka. Sisi tuligeuka saa kumi na nusu, na giza lilitushika mbele ya kufika. Hilo lilikuwa kosa letu.

Dilala tulikuta hakuna umeme. Tulishuka kwa mwanga wa simu, kila mmoja na samaki wake ndani ya gazeti. Hapo mama wa daftari akasema: "Nilikataa, na bado ninakataa. Feza ya kilio isiguswe. Lakini watoto wangu wawili hawakuja leo, na ninataka wayaone maji haya." Kisha akafungua ukurasa mpya, akaandika juu yake "Nzilo", na chini yake jina lake mwenyewe na franga 500.

Basi ndilo shauri tunaloleta: sanduku la pili, dogo, mbali na likelemba, kila mama atie anachoweza kila juma, na mwakani kalasi nzima ya mwaka wa tano iende. Wenye kukubali na wenye kukataa, njooni kwenye kutano la kazi tano. Daftari litakuwa mezani. Watoto sita waliokwenda wamekwisha kuchora tena, na picha zao tumezibandika ukutani. Katika moja kuna ziwa, vilima, waya za umeme, na mama anapuliza makala.