Ganda Lenye Pumzi Moja

Kaka yangu wa Muyinga alikuwa na kiumbe mwenye pumzi moja. (Ni mtoto wa shangazi, lakini kwetu Yoba mtoto wa shangazi ni kaka, na mambo yameisha.) Viumbe wengine katika mchezo ule walikuwa na pumzi mia na zaidi. Huyu alikuwa na moja, na hata umfundishe mwaka mzima itabaki moja. Ukimgusa amekwisha. Kwa likizo mbili kiumbe huyo aliwaangusha viumbe wangu mmoja baada ya mwingine, juu ya mkeka wa mama, mbele ya watoto wa mtaa, na mimi sikumgusa.

Mchezo wenyewe ni Pokémon, toleo la Emerald, lililotoka Japani mwaka 2004. Sisi lilitufikia karibu miaka kumi baadaye, kwenye simu kuukuu za mguso, kwa programu inayoifanya simu ijidai kuwa Game Boy Advance. Aliyetuwekea ni fundi simu mmoja wa sokoni, na sidhani kama kuna aliyelipwa isipokuwa yeye. Unazunguka katika nchi ya kubuni, unakamata viumbe, unawalea, kisha unawapambanisha na wa mwenzako kwa kuunganisha simu mbili kwa Bluetooth. Kila kiumbe ana aina yake: maji, moto, majani, mawe na nyinginezo, 17 kwa jumla. Maji huuweza moto, moto huyaweza majani, majani huyaweza maji. Na kila kiumbe hukumbuka mapigo manne tu. La tano likitaka kuingia, moja lazima lifutwe. Naomba msomaji alishike hilo la mapigo manne.

Maandishi yote yalikuwa ya Kiingereza, lugha ambayo hakuna aliyekuwa nayo pale mkekani. Shuleni tulisoma kwa Kifaransa, njiani tulisema Kirundi, nyumbani Kiswahili. Basi kaka yangu mwingine, mwanafunzi wa sekondari, akatufasiria kwa kamusi, nasi tukayapa mapigo majina: Surf ikawa Wimbi, Earthquake ikawa Tetemeko, Ice Beam ikawa Barafu, Rock Tomb ikawa Kaburi la Mawe. Swords Dance tuliiita Ngoma ya Panga, na hadi leo naona jina letu lina kishindo zaidi. Mwaka huu darasani tulipojadili uundaji wa istilahi, nilikaa kimya nikiukumbuka mkeka ule.

Kiumbe mwenyewe anaitwa Shedinja. Sisi tulimwita Ganda, kwa sababu ndivyo alivyo. Kuna mdudu wa ardhini anayeitwa Nincada. Akifika kiwango cha 20 anajichuna na kuwa Ninjask, mdudu wa mbio anayeruka. Wachezaji wengi huishia hapo. Lakini ikiwa miongoni mwa nafasi zako sita imebaki moja tupu, lile ganda lililovuliwa nalo linaingia na kuwa kiumbe, lina tundu mgongoni, linaelea bila kupiga mbawa. Ukitaka kumwelewa, tazama maganda ya nyenje yanavyong'ang'ania gome la mti baada ya mwenyewe kuondoka. Kaka alimpata kwa bahati, kwa kuwa alikuwa na viumbe wachache. Mimi nilikuwa nimejaza nafasi zote sita, nikapata Ninjask peke yake, nikajiona tajiri.

Udhaifu wa Ganda una fidia yake, nayo ni kinga. Hakuna pigo linalomdhuru isipokuwa la aina inayomweza, na aina hizo ni tano tu: moto, mawe, mapigo ya ndege, mizimu na giza. Yaliyobaki yote, hata tetemeko la kubomoa mji, yanampita kama moshi. Hata hivyo pumzi moja ni pumzi moja. Sumu inamuua. Kuungua kunamuua. Dhoruba ya mchanga inamuua bila kumlenga. Akichanganyikiwa akajipiga mwenyewe, amekufa.

Kwa hiyo anayemtumia Ganda hapigani kwa nguvu, anapigana kwa kukumbuka. Kaka hakumtoa kamwe mwanzoni. Alituma kwanza wengine, akayahesabu mapigo yangu yakitoka: huyu ana moto, huyu hana, huyu ametumia matatu, la nne bado. Wenye moto na mawe akawamaliza kwa mikono mingine. Kisha alingoja hadi nimebakiwa na kiumbe asiyeweza kumdhuru Ganda, akamwingiza wakati uleule napiga, pigo likapita patupu. Hapo ningefanya nini? Nikibadilisha kiumbe, yeye anatumia nafasi hiyo kucheza Ngoma ya Panga, na nguvu zake zinakuwa maradufu. Nisipobadilisha, anaicheza vilevile. Ngoma hiyo nayo haikupatikana bure. Ni pigo la Ninjask, na Ganda hulipata tu ukimzuia Nincada asigeuke, kiwango baada ya kiwango, hadi 25. Mara tano kaka alikibonyeza kitufe cha kukataa. Mimi sikuwa na subira hiyo hata ya kungoja chai ipoe.

Mwalimu wetu mmoja wa shule ya msingi alipenda kusema watoto wa Yoba ni Waswahili, na hakuwa na maana ya lugha. Kwa Kirundi cha mitaani neno hilo hubeba ujanja, hata uongo. Nilikuwa nalichukia. Lakini nikimtazama kaka akingoja na Ganda lake, nilifikiri kwamba kama huo ndio Uswahili, basi bado sijahitimu.

Likizo ya Pasaka ya 2015 alikuja Gitega kwa basi, kwa njia ya Karuzi kama kawaida. Wakati wa kuondoka aliichomoa memori kadi ya simu yake akanipa. Simu itauzwa, alisema, na kadi ataifuata. Akaongeza: "Dada, usimfungue." Baada ya majuma machache shangazi na watoto wake walivuka mpaka wa Kobero. Baadaye tukasikia wamo katika kambi ya Nduta, wilaya ya Kibondo.

Niliitunza ile kadi ndani ya bahasha, chini ya nguo. Mwaka wa kwanza sikuigusa. Mwaka wa pili, usiku mmoja umeme ulipokuwa umekatika na simu ya baba ina chaji kidogo, niliiingiza. Sikucheza. Nilitaka kumwona tu, nilijiambia hivyo. Lakini nilipomfungua Ganda nilisoma mapigo yake yote manne, na nikaona ameshika tunda la Lum.

Tunda hilo lilinitoa usingizi. Mpango wangu wa siku zote ulikuwa sumu. Tunda la Lum huliwa palepale sumu inapoingia, na sumu inatoka. Kumbe ningepoteza zamu yangu na yeye angecheka! Nikazima simu. Kwa mazoea ya vidole, kabla ya kuzima nikahifadhi mchezo.

Kuanzia hapo nilijenga jeshi langu upya kwa ajili ya kiumbe mmoja aliyelala katika bahasha. Nilimlea Sharpedo, papa mwenye meno ya giza. Nilimlea Camerupt, ngamia wa volkano. Na kiongozi wangu, Swampert, ambaye kaka alimjua kuliko jina langu, nikamfundisha Kaburi la Mawe. Swampert alikuwa na Wimbi, Poromoko, Tetemeko na Barafu. Wimbi na Poromoko ni mapigo ya kusafiria majini, na mchezo haukuruhusu kuyafuta hivihivi. Tetemeko nililipenda. Nikaifuta Barafu. Diski ya kuifundishia hutumika mara moja tu, nami nilikuwa nimeshaitumia, lakini nilikuwa naliona Ganda tu.

Walirudi mwaka 2018. Alikuwa amerefuka, sauti imekuwa ya baba yake, na mara nyingi alinyamaza ukimuuliza jambo la kule. Kadi nilimpa siku ileile. Ilipita miezi kabla hajapata simu, na likizo iliyofuata akaja Yoba. Tuliutandika mkeka. Wale watoto wa zamani walikuwa wakubwa, wakaja wengine. Sheria ilikuwa ileile, viumbe watatu kila mmoja kwa sababu ya chaji, wote wa viwango vya 50 hivi.

Nilimtoa Swampert kama siku zote. Yeye akamtoa Ganda.

Nilitazama skrini mara mbili. Hajawahi kumtoa kwanza. Nikadhani miaka mitatu bila mchezo imemsahaulisha, na kwa kweli nilimhurumia. Kidole changu kilisita juu ya Kaburi la Mawe. Lilikuwa pigo la kukosea mara moja katika tano, na nusu yangu iliomba likose. Nikabonyeza. Mawe yakaanguka, Ganda likaanguka, watoto wakapiga kelele. Kaka hakupiga kelele. Alisema tu, "Ni mawe, basi," kama mtu anayetia alama kwenye orodha.

Wa pili wake alikuwa Flygon, joka wa jangwani mwenye macho mekundu. Zamani alimwogopa Swampert wangu, maana Barafu humdhuru mara nne, pigo moja linatosha. Tetemeko halimpati kwa sababu anaelea. Wimbi humjeruhi kiasi. Mawe humkwaruza tu. Nilipofungua orodha ya mapigo yangu ndipo nilipoiona Barafu haipo, kana kwamba nimeifuta dakika ileile. Flygon akamnyonya Swampert mara mbili kwa Giga Drain, huku akijiponya kwa alichonyonya. Sharpedo akatoka, akapigwa Tetemeko moja, akalala. Camerupt ni moto na ardhi, na Tetemeko ndilo hasa adui yake. Moto wake kwa joka ni wa kuotea mikono. Watatu wangu wote, niliowalea miaka miwili, walikwenda kwa kiumbe mmoja ambaye sikumfikiria.

Akatoa daftari la shule katika mkoba, la mistari, lililokunjwakunjwa. Kule kambini hakuwa na simu, akanionyesha, basi alicheza humo. Kurasa nzima za majedwali: kiumbe gani anamweza nani, nani ashike nini. Ukurasa mmoja ulikuwa na jina langu juu, na chini yake Swampert na mapigo yake manne. Mawili yamezungushiwa duara: hayafutiki. La tatu limeandikiwa "hawezi kuliacha." La nne, Barafu, lilikuwa na alama ya kuuliza.

Nyuma ya jalada palikuwa na namba: saa na dakika za mchezo wake, jinsi zilivyokuwa siku aliyonipa kadi. Mchezo huonyesha muda huo kila unapoufungua. Aliporudishiwa kadi na kupata simu, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kulinganisha. Dakika nne zilikuwa zimezidi.

"Dakika nne hazitoshi kucheza," alisema. "Zinatosha kusoma. Basi ulilijua tunda, ukaacha sumu, ukatafuta cha kumpiga moja kwa moja. Nikajiuliza umelipa nini kwa hicho."

Sikuwa na la kujibu. Nilimwomba radhi, naye akapunga mkono kama anafukuza nzi, lakini hakusema si kitu, na nilimheshimu kwa hilo. Nilimuuliza kama hakumwonea uchungu Ganda, kumtoa hivyo ili afe. Akasema alimwonea. Ila kwa muda wote ule mimi nilikuwa nimemtazama yeye peke yake, na kiumbe anayetazamwa namna hiyo hahitaji kupiga.

Chaji ya simu yangu ilikuwa imefika asilimia tatu. Nikakumbuka kwamba alikuwa na viumbe watatu, na wa tatu hakutoka. Nikamuuliza ni nani.

Akaichomoa kadi, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo.

"Siku nyingine, dada."