Njia Niliyoipitisha Baharini

Niliidhinisha kwenye ramani njia ya miguu inayokatiza hori moja kusini mwa Kilwa Masoko, mahali ambapo maji yakijaa hapapitiki bila mtumbwi. Sikuichora mimi. Aliichora mtu wa kujitolea aliye mbali, ambaye huenda hajawahi kukanyaga tope la mikoko. Kazi yangu ilikuwa kuhakiki, na mimi ni mzaliwa wa Kilwa Kivinje. Basi lawama ni zangu kuliko zake.

Ramani yenyewe ni OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo yeyote anaweza kuichora, kuirekebisha na kuitumia bila malipo. Mimi niliijua kupitia Ramani Huria, mradi ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015 kwa ajili ya kata zinazokumbwa na mafuriko. Kule tulitembea mitaani, tukawauliza wajumbe na wenye nyumba maji hufika wapi. Vijiji vya Kilwa havikupata miguu hiyo. Vilichorwa kwa picha za satelaiti: eneo linagawanywa miraba, mmoja anachora nyumba na njia, mwingine anapitia na kubonyeza kwamba mraba umekamilika. Huyo wa pili nilikuwa mimi, nimekaa kwenye kiti Sinza, Dar es Salaam, na kila nilipoona Kilwa nilijiambia kwamba mtoto wa nyumbani haulizi.

Picha ilionyesha tope limeanikwa juani na mstari mweupe wa nyayo kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Mstari ulikuwa wa kweli. Watu hupita pale. Nisichojiuliza ni saa ngapi. Satelaiti nyingi za kupiga picha za nchi kavu hupita juu yetu katikati ya asubuhi, karibu saa nne na nusu. Na katika pwani yetu, siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Ndiyo saa ya akina mama kushuka mwambani kuchokoa pweza. Kwa hiyo picha ya siku ya bamvua hutuonyesha pwani ikiwa kavu kuliko ilivyo kawaida. Ikifika saa kumi jioni, bahari imepanda zaidi ya mita tatu na ile njia iko chini yake. Mtoto yeyote wa Kivinje anajua hesabu hii. Mimi nilikuwa nimeisahau mbele ya kompyuta.

Aliyelipia kosa langu ni mhudumu wa afya, mgeni wilayani, aliyebeba kasha la chanjo kwenda kitongoji cha ng'ambo. Simu yake ilimwambia ni mwendo mfupi. Alifika horini mchana maji yakipanda, hakuna mtumbwi, na barafu kwenye kasha haina subira. Akarudi. Akina mama waliokuwa wameacha shamba na watoto mgongoni wakaondoka bila chanjo siku ile. Habari ilinifikia kwa mama mdogo, ambaye hakujua kwamba anamsimulia mkosaji. Nilipomuuliza kama pale pana njia, alijibu, "Tunapita maji yakitoka. Yakijaa unangoja mtumbwi. Kwani wewe hujui, mwanangu?"

Nilichofanya baada ya hapo ndicho kinachonitia haya zaidi. Niliingia usiku uleule, nikaweka lebo ya kuonyesha kwamba sehemu hiyo hufunikwa na maji ya kujaa (lebo ipo, na nimewahi kuwafundisha wengine kuitumia), kisha kwenye nafasi ya maelezo nikaandika: marekebisho madogo. Madogo! Sikumwandikia aliyechora, sikuwaambia wahakiki wenzangu, wala sikurudi kwenye miraba mingine ya mikoko niliyokuwa nimeipitisha kwa jicho lilelile. Niliirudia baadaye sana, na njia za namna hiyo nilizikuta.

Uzuri wa data huria uliufanya uzembe wangu usambae. Leseni inaruhusu mtu yeyote kunakili, na programu kadhaa za simu hupakua ramani ya nchi nzima ili itumike pasipo mtandao. Nikisahihisha leo, nakala iliyomo kwenye simu ya mtu aliyeko Pande haipati habari mpaka mwenyewe aisasishe. Ramani za mabaharia haziachi jambo hili libahatishwe: huonyesha sehemu inayokauka maji yakitoka na kiasi inavyoinuka. Kapteni William Owen alipima pwani ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1820 kwa kamba yenye risasi. Mimi nilikuwa na satelaiti, na sikupiga hata simu moja Kilwa.

Wewe unayechora pwani kutoka Somanga hadi Lindi, usipitishe mstari wowote unaokata mikoko au hori kabla hujampata mtu wa pale akakueleza habari za maji. Nawe unayetembea na ramani ya zamani ya Kilwa kwenye simu, isasishe kabla hujaondoka, na ukifika ufukweni uliza saa ya kujaa.