Kwa Baiskeli Katika Milima ya Atlas: Adabu ya Mgeni Hutangulia Safari



Mwezi wa Oktoba, In shaa Allah, sisi ndugu sita wa msikiti mmoja tunakusudia kwenda Morocco, kuendesha baiskeli kwa siku nane katika milima ya Atlas, kusini ya jiji la Marrakesh. Hakuna miongoni mwetu aliyewahi kufika huko. Kwa kuwa vijana wetu wengi wameanza kupenda baiskeli za milimani, tumeona ni vyema kueleza tulivyojipanga, kwani jambo lililotuchukua muda mrefu zaidi halikuwa gea wala tairi.

Tulianza tukiwa wanane. Wazee wetu walituuliza swali moja tu: je, kuna mwenye deni, au mwenye akiba aliyoiweka kwa ajili ya Hija? Ndugu wawili wakajitoa kwa hiari, nasi tukawaombea kheri. Sita tuliobaki tumekubaliana kwamba kila mmoja ataacha masurufu ya nyumbani na wasia ulioandikwa.

Eneo tulilolichagua limezunguka mlima Toubkal, wenye urefu wa mita 4,167, ambao ni mrefu kuliko yote Afrika ya Kaskazini. Wakazi wake ni Waamazigh. Kituo chetu kitakuwa kijiji cha Imlil, kilichopo zaidi ya kilomita 60 kutoka Marrakesh, na kutoka hapo njia hupanda hadi mita zaidi ya 2,200 kabla ya kuteremkia bonde la pili. Majira ya baridi huleta theluji. Kiangazi kina joto kali, na mvua za ghafla hujaza mito kwa muda mfupi. Agosti 1995 mafuriko ya bonde la Ourika yaliua watu wengi. Ndiyo sababu tumechagua Oktoba, na tumeazimia kutopumzika wala kulala katika mkondo wa mto, hata ukiwa mkavu.

Lililotushughulisha zaidi ni msiba wa tarehe 8 Septemba, 2023. Tetemeko la ardhi la kipimo cha 6.8 liliipiga milima hiyo usiku na kuua karibu watu 3,000. Hata msikiti wa kale wa Tinmel, uliojengwa karne ya 12, uliharibika vibaya. Mmoja wetu aliuliza: inafaa vipi kwenda kustarehe mahali ambapo watu wamezika jamaa zao? Swali hilo lilitugawa kwa wiki kadhaa. Mwishoni tuliona kwamba watu wa mabonde yale, wenye nyumba za wageni, waongozaji na wachunga wanyama, wamekuwa wakipata riziki kwa wageni tangu kabla ya tetemeko. Anayewakwepa kwa huruma huwaongezea hasara. Basi tutakwenda, lakini kwa masharti: tutalala katika nyumba za wanakijiji, tutamwajiri mwongozaji wa hapohapo, tutalipa ujira tuliokubaliana bila kuupunguza, na hatutapiga picha ya mtu wala ya magofu ya nyumba yake bila idhini.

Sharti jingine linahusu njia. Njia za Atlas hazikuchongwa kwa ajili ya baiskeli. Ni njia za watu kwenda shambani, na za baghala, yaani mnyama wa mizigo aliyezaliwa kwa punda na farasi. Dini yetu imeipa njia haki zake, nazo ni pamoja na kuzuia udhia na kuitikia salamu. Hivyo tukikutana na baghala tutashuka na kusimama upande wa mlimani, si upande wa korongo, ili mzigo wake mpana usitusukume, na mwenye njia apite kwanza. Kwenye kona isiyoonyesha mbele hatutateremka kwa kasi.

Katika swala pia tutaona tofauti, kwani wao hufuata madhehebu ya Maliki, na wengi wao huteremsha mikono wakisimama. Jambo hilo lisitushangaze. Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier, alipofika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 aliwakuta watu wa pwani hii wakifuata madhehebu ya Shafi, na akawaeleza kwa heshima.

Kwa sasa tunafanya mazoezi katika milima ya Usambara, kuanzia Lushoto, kujizoesha miteremko mirefu ambayo huchemsha breki. Kila mmoja atabeba pedi za breki za akiba, tyubu mbili, pampu na spana, pamoja na kofia ngumu ambayo haivuliwi njiani.

Kijana anayetaka kupanga safari kama hii, kabla hajafungua ramani, na aulize kwanza ni nani anaishi huko, na ujio wake utawapunguzia mzigo au utawaongezea. Jibu la swali hilo litamwonyesha msimu, njia na mahali pa kulala.

Wabillahi tawfiq.