Chuchu ya Nne

Ndugu msomaji, kama nawe unafuga ng'ombe mmoja nyuma ya nyumba, kama tufanyavyo wafanyakazi wengi hapa Dar es Salaam ili mshahara ufikishe mwezi, nisikilize. Ng'ombe wetu ana chuchu nne, lakini tunakamua tatu. Ya nne niliiua mimi.

Maziwa yalipoanza kupungua nililaumu pumba. Mke wangu aliponiambia kuwa yanakatika yakichemshwa, nilimjibu kwamba sufuria haikusuguliwa. (Aliisugua mbele yangu, akanyamaza.) Wiki ikapita. Siku ya nane robo moja ya kiwele ilikuwa imevimba, ya moto, na maziwa yanatoka mabonge yaliyochanganyika na damu.

Bwana mifugo hakunigombeza. Aliomba kikombe cheusi, akakamulia humo matone ya kwanza ya kila chuchu, akanionyesha mabonge ambayo ningeliyaona mapema laiti ningelitazama. Kisha akaomba kuona kitambaa changu. Kilikuwa kimoja, kwa chuchu zote, kwa siku zote. Akanieleza kuwa tundu la chuchu hubaki wazi kwa muda baada ya kukamua, na ng'ombe akilala kwenye tope la masika, vijidudu huingia. Kwa hiyo apewe majani mara tu amalizapo kukamuliwa, apate kusimama. Chuchu zichovywe katika dawa ya ayodini. Na ng'ombe mgonjwa akamuliwe wa mwisho. Tena ugonjwa huu waweza kujificha bila uvimbe wowote. Kipo kipimo kilichobuniwa California mwaka 1957: dawa yake ikichanganywa na maziwa mabaya, huwa mazito kama uji.

Alitia antibiotiki ndani ya chuchu, akaniamuru nimwage maziwa yote hadi siku alizotaja zipite, kwani kuyachemsha hakuondoi dawa.

Jioni hiyo jirani alikuja na chupa yake, mtoto mgongoni. Ndoo ilikuwa imejaa, nami nilihitaji fedha. Nilimwambia kweli: ya leo yana dawa, na ya wiki nzima iliyopita nilimwuzia ya ng'ombe mgonjwa. Aliondoka bila kuaga.

Robo ile ilinyauka. Jirani alirudi baada ya majuma mawili. Kabla ya kutoa chupa, alitaka kwanza kukiona kikombe cheusi.