Nilivyoiharibu Picha ya Kidato cha Nne

Wengi wenu mnaikumbuka picha ya Kidato cha Nne iliyobandikwa karibu na mlango wa ofisi siku ya mahafali, kisha ikabanduliwa upesi. Aliyeiharibu ni mimi, na kwa kuwa nimeulizwa mara nyingi ilikuwaje, naona afadhali nieleze hapa.

Siku tulipoipiga jua lilikuwa kali. Wenzetu walijipanga mbele ya ukuta wa chokaa, wote wamevaa mashati meupe. Sasa, kamera haijui mtu ni nani na ukuta ni nini. Hupima mwangaza tu. Ilipoona weupe mwingi namna ile ilidhani mwanga umezidi, ikaupunguza. Mashati yakatoka vizuri sana, lakini nyuso zikawa giza, hata macho yalionekana kwa shida. Jambo hili hutupata sisi watu weusi kila siku, nasi hulaumu sura zetu bure.

Katika chumba cha kompyuta tunayo programu ya kutengenezea picha iitwayo GIMP. Ilianzwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, yaani Spencer Kimball na Peter Mattis, nayo hutolewa bure. Photoshop, iliyobuniwa na ndugu wawili Thomas na John Knoll na kutolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1990, ni ya kulipia, basi chama chetu cha picha hakijaigusa.

Nikaipandisha picha nzima mwangaza. Yafaa mjue ya kuwa katika picha ya kawaida ya JPEG kila moja ya rangi tatu, nyekundu, kijani na buluu, ina ngazi 256, tangu 0 ambayo ni giza mpaka 255. Kinachofika 255 hakina pa kwenda tena. Mashati yakafika huko, na mikunjo yake na vifungo vikapotea. Nyuso nazo hazikung'aa, zilipauka kama majivu. Lakini mimi nilipendezwa! Nikapandisha tena kidogo, maana kichwani mwangu mweupe zaidi ndiye mzuri zaidi. Naona haya kuandika maneno haya, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kisha nikaamuru picha mpya iandikwe juu ya faili la zamani, na kadi ya kamera nikaifuta kwa ajili ya michezo ya kesho yake.

Siku ya mahafali akaja mama mmoja, mzazi wa mwenzetu. Nikamwamkia, akaitika, akaitazama picha safu kwa safu, akarudia tena.

"Mwanangu yuko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole.

"Huyu simjui," akasema. "Mwanangu ni mweusi kama marehemu baba yake. Ndiyo sura niliyobakiwa nayo, mwanangu, nawe umeiondoa."

Hakupaza sauti. Afadhali angenigombeza.

Kwa bahati mwalimu wetu wa kompyuta alikuwa amejiwekea picha nyingine, iliyopigwa muda mfupi kabla ya ile. Safari hii nilifanya nakala kwanza. Kisha nikaweka tabaka la pili juu ya picha, nikaling'arisha, na kulifunika kwa barakoa nyeusi. Barakoa hiyo huficha tabaka pale ilipo nyeusi, na kulifunua pale unapoipaka nyeupe. Basi nikapaka kwa brashi laini juu ya nyuso tu, moja moja, watu 43, jioni tatu. Mashati na ukuta sikuvigusa. Nilijifunza kusimama mapema: uso mweusi una mng'ao wake kwenye paji na shavu, na ukiupandisha mno mng'ao huo huzama katika majivu. Kazi yote nikaihifadhi katika XCF, faili la GIMP lenyewe, ambalo hutunza matabaka yote, ili nikikosea niweze kurudi.

Yule mama alipopelekewa picha alimtuma mwanawe kuniomba nakala ya pili, kubwa zaidi.

Imebaki kesi moja tu. Katika picha hii wenzetu wawili wamefumba macho, nao wanadai niwawekee macho ya ile picha ya kwanza. Nimewaambia yale ni ya majivu. Hawajaridhika.