Bibi Aliyekataa Wajina

Likizo iliyopita nilifika nyumbani Kikwajuni nikamkuta dada yangu ana mtoto wa kike wa siku nne. Sijaweka begi chini, akaniambia, "Frateri, umekuja kwa wakati. Wewe ndiye msomi wa nyumba hii, tutafutie jina." Nilidhani ni kazi ya dakika kumi: nafungua kalenda ya liturujia, natazama mtakatifu wa siku aliyozaliwa, namaliza. Ilituchukua wiki nzima.

Nilianza na Skolastika. Dada akainuka, akasimama mlangoni, akajifanya anamwita mtoto aliyekwenda kucheza mbali: "Skolastikaaa!" Akanigeukia. "Uji utapoa kabla sijamaliza. Watamkata awe Skola, na watoto wa hapa watamwita Skuli." Nikasema Perpetua. "Atakuwa Pepe, na akichangamka kidogo tu ataambiwa ana mapepe." Kila jina nililoleta, alilipeleka mlangoni kwanza.

Nilidhani anafanya mzaha, mpaka nilipojitazama mwenyewe. Nimebatizwa Deogratias, yaani shukrani kwa Mungu. Tangu darasa la kwanza naitwa Deo. Jina limebaki, shukrani imekatwa. Jina kamili huandikwa kwenye vyeti na kusomwa siku chache tu za maisha. Kifupi chake ndicho kinachoitwa asubuhi, mchana na jioni. Anayemchagulia mtoto jina anachagua mawili, hata kama hajui.

Jirani yetu, mama wa Kiislamu, alikuja na bakuli la uji wa pilipili manga kwa mzazi, akatusikiliza. Kwao mtoto hupewa jina siku ya saba, pamoja na akika. Akasema, "Sisi Khadija wetu ni Dija, Fatuma ni Fatu. Jina kubwa la watu wa nje, dogo la mama. Tafuteni lenye yote mawili."

Siku ya sita dada alichoka. "Basi tusihangaike. Aitwe Tabu, kama Bibi. Bibi apate wajina."

Sote tulitabasamu, isipokuwa Bibi. Alikuwa anachambua mchele. Aliweka ungo chini, akaniita kama anavyoniita siku zote, "Mume wangu," kisha akasema: "Mwambie dada yako mimi sitaki."

Hapo ndipo nilipojua habari ambayo miaka ishirini na mitano sikuwahi kuuliza. Mama yake Bibi alizika watoto wawili wachanga kabla ya kumzaa yeye. Zamani mtu aliyefiwa hivyo alimpa mtoto anayefuata jina la kuchukiza, Tabu, Shida, Mashaka, ili mauti yasimtamani. "Mama hakunichukia," Bibi alisema. "Aliogopa. Nami nimeishi, namshukuru. Lakini nilipoposwa, upande wa mume waliulizana kama wanataka kuingiza tabu ndani. Na nilipofiwa na mwanangu wa kwanza, nilisikia wanawake msibani wakinong'ona kwamba jina limenifuata. Mtoto huyu hajafanya kosa."

Darasani tumesoma mazungumzo ya Plato yaitwayo Kratilo, ambamo watu wanabishana: je, jina lina uhusiano wa asili na kitu chenyewe, au ni makubaliano ya watu tu? Mimi nilikuwa upande wa makubaliano. Mbele ya Bibi sikuwa na hoja. Hata kama jina ni makubaliano, anayeishi ndani ya makubaliano hayo ni mtu.

Kisha Bibi akaingia chumbani, akatoka na kopo la biskuti lenye karatasi zake. Alinipa cheti cha ubatizo ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Jina: Yosefina.

"Mbona hakuna anayekuita hivyo?"

"Nani angeliita? Mama yangu lilimshinda. Padre aliliandika, likabaki kwa padre."

Paroko wetu alinieleza baadaye. Bibi alibatizwa wakati wa Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1917. Uliagiza kwamba wazazi wasipokubali jina la Kikristo, padre aongeze jina la mtakatifu na kuandika yote mawili kitabuni. Mkusanyo wa mwaka 1983, kanuni ya 855, unadai tu kwamba wazazi, wasimamizi na paroko waangalie lisitolewe jina lililo geni kwa hisia ya Kikristo. Si lazima liwe la mtakatifu. Kwa hiyo Bibi alikuwa na jina zuri maisha yake yote, ila halikuwa na mlango wa kutokea nje. Hakuna aliyelifupisha, hakuna aliyelibembeleza, likafa kwenye kopo.

Kisiwa hiki kinajua vizuri habari ya majina mawili. Mwimbaji aliyezaliwa Fumba akaitwa Mtumwa, mjini walimpa jina la heshima, Siti, na leo hakuna anayemkumbuka Siti binti Saad kwa lile la kwanza. Fatuma binti Baraka aliitwa Kidude, kitu kidogo tu, na dunia nzima ikamjua kwa hilo. Bwana wetu mwenyewe alimwita Simoni Kefa, na wana wa Zebedayo akawaita Wana wa Ngurumo. Jina la pili linaweza kuinua au kuangusha. Inategemea mdomo uliolitoa.

Usiku ule nilimkumbuka Mtakatifu Yosefina Bakhita. Alizaliwa Darfur, Sudan, karibu mwaka 1869. Aliibwa angali mtoto, na kwa hofu akalisahau jina alilopewa na wazazi wake. Watekaji ndio waliomwita Bakhita, neno la Kiarabu lenye maana ya mwenye bahati. Tarehe 9 Januari 1890 alibatizwa Venice, na Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000. Hapa kwetu jina hilo lina uzito wake: soko la watumwa la Mkunazini, mwendo mfupi kutoka nyumbani, lilifungwa mwaka 1873, naye akiwa bado mtoto mdogo.

Asubuhi niliwasimulia. Bibi alisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo jina la wezi likawa la mtakatifu."

"Ndiyo, Bibi. Hata Tabu wewe umelitakasa."

"Mimi nimeshalitakasa, inatosha. Mtoto aanze na lake."

Dada alilipeleka mlangoni. "Yosefina!" Likaenda mbali. "Fina!" Likaenda mbali zaidi. "Bakhita!" Kutoka upande wa pili jirani akaitikia, "Bahati! Huyo ni Bahati wetu!" Hapo tukajua tumefika.

Yosefina Bakhita alibatizwa Jumapili ya mwisho ya likizo yangu katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, Minara Miwili. Dada anamwita Fina, jirani anamwita Bahati, nami mjomba wake bado sijaamua.

Wapendwa wazazi, siku hizi wengi hutafuta jina kwenye simu, wakitaka ambalo hakuna mwenzao analo. Si vibaya. Lakini kabla ya kwenda kwa katekista, lisimamieni mlangoni mliite kwa sauti. Lifupisheni kabla mtaa haujalifupisha, msikie kilichobaki. Ulizeni pia limetoka katika hofu au katika matumaini. Mchungaji mwema huwaita kondoo wake kila mmoja kwa jina lake, na mtoto hujifunza kuitwa na Mungu kwa kuitwa kwanza na mama.

Siku ya kurudi seminari Bibi alikuwa amekaa barazani akinisubiri nimuage. Nikiwa hatua chache nyuma yake nikaita, "Yosefina." Hakugeuka. Nikaita tena, "Bibi Yosefina."

Alikaa kimya kidogo. Kisha akaitika, "Abee."